Mgeni njoo, lakini taa ibaki ikiwaka

CHAI iko mezani na watoto wamekwisha kulivuruga gazeti wakitafuta vibonzo. Wakimaliza, mwite yule mkubwa aliye chuoni au anayengoja kwenda chuo aketi kando yako. Maongezi ya leo yanamhusu pia.

Iwapo nyumbani kwenu ni Bungoma au Kitale nawe unafanyia kazi Nairobi, Nakuru au Mombasa, huenda simu ya aina hii imewahi kukufikia. Anayepiga ni ami yako. Baada ya kuuliza hali ya watoto na bei ya unga huko mjini, anatoboa jambo lenyewe.

"Mwanangu, kuna wageni kutoka ng'ambo wanaokuja mwezi wa saba. Wamejitolea kutuwekea stima ya jua katika shule. Hawatudai hata ndururu. Kamati inataka tuwapokee kwa heshima, basi nawe tuma chochote."

Nawe unatuma. Nani atakataa stima? Nani hataki mtoto wa nduguye asome usiku bila moshi wa koroboi kumwingia machoni?

Sikusudii kukuambia ukatae. Ninalotaka ni kwamba, kabla ya kutuma hizo pesa, umwulize ami swali moja kwa adabu: wageni wakisha kwenda zao na taa ikazimika, ni nani pale kijijini atakayepanda juu ya paa?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama shule imepata stima au imepata picha za ukumbusho.

SIKU YA TATU MPE JEMBE

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakasema tena, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako wanaodhani methali hizi zinapingana, moja ya ukarimu na nyingine ya uchoyo. Mimi naona zinakwenda pamoja. Mgeni huleta uponyaji pale anaposhika jembe kando ya mwenyeji wake, wakalima shamba moja.

Sehemu za Kitale na Bungoma zimezoea wageni wa kujitolea tangu zamani. Wamarekani wa Peace Corps walianza kuja Kenya katikati ya miaka ya 1960, wengi wao wakifundisha katika shule za harambee, hadi waliposimamisha kazi yao hapa mwaka 2014 kwa sababu za usalama. Waingereza nao walikuwa na VSO yao.

Hata sisi wenyewe tuna chama chetu cha kazi hiyo, Kenya Voluntary Development Association, kilichoanza mwaka 1962. Katika kambi zake za kazi, vijana wa kigeni na vijana wa Kenya hulala chini ya paa moja, hupika pamoja na huchimba mitaro pamoja.

Mgeni wa siku hizi ana sura tofauti kidogo. Mara nyingi ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliye likizoni. Amejilipia nauli ya ndege, na huenda pia amelipa ada kwa shirika lililompangia safari. Ana majuma mawili au matatu tu. Moyo wake ni mwema, na jasho analolitoa juani ni la kweli. Sitamcheka.

Lakini majuma matatu, msomaji wangu, ni muda wa kuku kuatamia mayai. Vifaranga wakianza kulia, mgeni yuko uwanja wa ndege. Kazi ya kuwalea imebaki kwa mwenyeji, naye aghalabu hajaonyeshwa hata chakula chao.

WAYA JUU YA VICHWA VYETU

Huenda kijana wako akauliza: "Kwani stima ya serikali haifiki huko?" Ni swali zuri, na jibu lake ni hadithi ya miaka mingi.

Bwawa la Owen Falls kule Jinja, Uganda, lilifunguliwa mwaka 1954. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 waya mkubwa ukavutwa kutoka Tororo hadi Nairobi, ukikatiza magharibi mwa Kenya. Umeme wa Mto Nile ukapita juu ya mashamba ya mahindi ukienda kuwasha taa za mji mkuu. Chini ya waya huo, mama akawa anakata utambi wa koroboi kwa kisu ili moshi upungue.

Mpango wa serikali wa kupeleka stima mashambani ulianza mwaka 1973. Kwa miaka mingi ulifika kwenye masoko, misheni, viwanda na nyumba za wakubwa. Mwaka 2015 ukaja mpango wa kuwaunganishia watu wanaoishi mita 600 au chini ya hapo kutoka kwenye transfoma. Ada ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Shule za msingi za umma zaidi ya 20,000 nazo zikapata stima, ya waya au ya jua, katika miaka hiyo hiyo.

Mambo yamebadilika sana, na ni haki kusema hivyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu nusu ya familia zote nchini zilitumia stima ya waya kwa mwanga, na karibu familia moja katika kila tano ilitumia taa za jua.

Lakini waya kufika karibu na mlango si sawa na taa kuwaka ndani. Wachumi Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walichunguza jambo hili katika vijiji 150 vya Busia na Siaya. Watu walipoambiwa walipe shilingi 15,000 ili waunganishwe, ni karibu robo yao tu waliokubali. Walipoambiwa ni bure, takriban wote walikubali.

Kuna jambo jingine katika uchunguzi huo, uliochapishwa mwaka 2020, ambalo lapasa kutufikirisha. Hata waliounganishwa, baada ya mwaka mmoja na zaidi, maisha yao hayakuwa yamebadilika sana. Walitumia stima kidogo mno. Walikuwa na balbu na chaji ya simu. Hawakuwa na pesa za kununua cherehani ya umeme, jokofu wala mashine ya kusaga.

Hivyo basi, bado ziko boma nyingi, na bado ziko shule na zahanati, ambako mgeni mwenye paneli za sola atapokewa kwa vigelegele. Na vigelegele hivyo vina sababu. Swali ni kitakachofuata.

KISA CHA KARAMUGI

Sasa nisikilize, kwa maana nataka kukupa kisa cha mgeni aliyeshika jembe.

Mwaka 1984 alikuwapo kijana Mmarekani wa Peace Corps, jina lake Mark Hankins, aliyekuwa akifundisha katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, huko Meru. Shule ilikuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli ili wanafunzi wapate mwanga wa kusomea jioni. Wazazi walikuwa wakitafuta pesa.

Wakati huo huo alikuwapo mhandisi mwingine Mmarekani, Harold Burris, aliyekuwa amefanya makao nchini na kuanzisha biashara ndogo aliyoiita Solar Shamba. Wawili hao walizungumza na wakubwa wa shule, na badala ya jenereta shule ikawekewa stima ya jua.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kawaida. Wageni wamekuja, wameweka, wameondoka.

Hawakuishia hapo. Walitafuta pesa za kuwafunza mafundi wa huko huko, wenyeji waliokuwa tayari na ujuzi wa waya. Wakawafunza kwa vitendo, wakiweka stima ya jua katika shule nyingine. Fundi alikuwa akijifunza huku ameshika bisibisi yeye mwenyewe, na mgeni amesimama kando.

Kisha likatokea jambo ambalo halikuwa katika mpango wa mtu yeyote. Walimu walioona taa zikiwaka shuleni walitaka taa kama hizo nyumbani kwao. Wakulima wa kahawa na chai, waliokuwa na pesa kidogo za mauzo na waliochoka kubeba betri ya gari hadi sokoni kuichaji ili watazame televisheni, wakaanza kuulizia. Na fundi wa kuwawekea alikuwapo, jirani yao, anayejulikana kwa jina na kwa nyumba.

Biashara ikashika moto. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, zaidi ya nyumba laki moja nchini Kenya zilikuwa na stima ya jua, nyingi zikiwa zimenunuliwa na wenyewe kwa pesa zao, bila msaada wa mtu. Wataalamu wa dunia walikuja hapa kujifunza jinsi Wakenya walivyofanya. Bwana Hankins mwenyewe aliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi, na akaandika vitabu vya kuwaongoza mafundi wa Afrika.

Pima mwenyewe. Paneli zilizowekwa Karamugi zilikuwa chache, za kuhesabika kwa vidole. Mafundi waliofunzwa ndio waliozaa wengine.

BETRI HAINA UNDUGU

Turudi magharibi. Mwaka jana nilipita katika shule moja ya msingi kando ya barabara ya Kitale kuelekea Webuye, baada ya Kiminini na kabla ya Kamukuywa. Jina lake nitalihifadhi, maana sikwenda kumwaibisha mtu.

Juu ya paa la ofisi kulikuwa na paneli nne ziking'aa. Ukutani kulikuwa na kibao chenye majina ya wageni waliozileta. Mwalimu mkuu akanifungulia kabati. Ndani, kando ya katoni za chaki, zilikuwamo betri mbili zilizovimba kama maandazi.

"Ziliwaka miaka miwili," akaniambia. "Mwaka wa tatu zikafa. Tuliandika barua kwa yule kijana aliyeongoza wenzake. Alijibu kwa upole sana. Kumbe amekwisha maliza chuo, sasa anafanya kazi benki."

Nikamwuliza kama wazazi hawawezi kuchanga wanunue betri nyingine. Akatikisa kichwa. "Walichanga mara ya kwanza, shilingi mia mbili mbili, za kuwalisha wageni. Nikiwaambia leo wachange tena, wataniuliza za kwanza zilikwenda wapi."

Hilo ndilo linaloniumiza, msomaji. Betri hununuliwa dukani. Imani ya wazazi ikishakufa, haiuzwi Kitale wala Bungoma.

Nilipotoka nikapita sokoni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kuna fundi wa redio na simu pale, mtu mzima mwenye mikono mizuri ya kazi. Nikamwuliza kama aliwahi kuitazama ile mitambo ya shule.

"Siku ile niliitwa, ndugu mwandishi," akasema. "Nilishika ngazi. Walipomaliza wakaninunulia soda."

Alishika ngazi! Mtu pekee katika eneo zima ambaye angeweza kujua tofauti ya betri iliyochoka na waya uliokatika alifanywa mshika ngazi.

Sasa hebu tufanye hesabu ndogo, na wewe mwanafunzi wa fizikia utusaidie. Chukua paneli ya wati 50. Jua letu kali tulihesabu saa 5 kwa siku. Hiyo ni wati-saa 250. Toa zinazopotea njiani, baki na 200 hivi. Taa ndogo ya siku hizi hula wati 5. Taa sita zikiwaka saa 4 kila jioni zitakula 120. Zinabaki 80 za kuchaji simu kadhaa.

Mpaka hapo mambo ni shwari. Kisha mtu analeta televisheni ya wati 60, anaiwasha saa 3 kutazama kandanda. Amekula 180 peke yake. Jua halikuongezwa, paneli haikuongezwa. Deni linalipwa na betri.

Na betri, mpenzi msomaji, haina undugu na mtu. Ile ya asidi, inayofanana na ya gari, ukiikamua hadi mwisho kila usiku itakufa kabla ya miaka miwili. Ukiizuia isishuke chini ya nusu, na ukaiongeza maji yake safi ya betri kama ni ya kuongezwa maji, itakaa miaka mitatu hadi mitano. Ziko za lithiamu ambazo hudumu zaidi, lakini bei yake ni ya juu.

Paneli yenyewe hudumu miaka 20 au 25, almuradi isivunjwe na ifutwe vumbi. Kwa hiyo katika maisha ya paneli moja mtanunua betri tano au zaidi. Mgeni amewapa ya kwanza. Zilizobaki zote ni zenu.

Tuseme betri moja inagharimu shilingi 12,000 na itadumu miaka minne. Gawa kwa miezi 48, utapata shilingi 250 kwa mwezi. Shule ikichajia watu simu kwa shilingi 20 kila moja, simu 13 tu kwa mwezi zinatosha. Hilo si jambo la kushinda kijiji chochote. Linataka daftari, kalamu na mtu mwaminifu.

KABLA YA KUCHINJA JOGOO

Twajua sisi watu wa magharibi hatumpokei mgeni kwa maneno matupu. Jogoo lazima aage dunia. Lakini kabla kisu hakijashuka, kamati na iketi na wageni, au iwaandikie mapema, iulize maswali haya. Usiogope kuonekana huna shukrani. Mgeni mwenye nia njema atafurahi kuulizwa.

Kwanza, stima hii ni ya nini? Ni ya kusomea jioni, ni ya chumba cha kina mama kujifungulia, au ni ya jokofu la chanjo? Kila kazi ina ukubwa wake wa mitambo. Ikitajwa mapema, hata yule mwenye televisheni atajua mpaka wake.

Pili, ni nani kati yetu atakayefunzwa? Wawe watu wawili kwa uchache, na mmoja wao awe mwanamke anayeishi pale pale. Kijana wa kiume ukimfunza peke yake, mwaka ujao utamkuta Nairobi akitafuta kazi. Na yule fundi wa sokoni asiachwe nje. Mgeni ndiye ashike ngazi.

Tatu, je, anayeweka ana leseni? Tangu mwaka 2012 Kenya ina kanuni zinazomtaka fundi wa stima ya jua awe amepewa leseni na mamlaka ya kawi, kwa daraja zinazolingana na ukubwa wa kazi. Mgeni naye hutakiwa kuwa na kibali cha uhamiaji, hata kama halipwi mshahara. Kitale kuna chuo cha kitaifa cha ufundi, na Bungoma kuna taasisi ya Sang'alo. Walimu na wanafunzi wa huko wakishirikishwa, mgeni anapata mwenzi na kijiji kinapata mtu wa kumpigia simu.

Nne, vifaa vitapatikana dukani hapa? Mashine nzuri iliyotoka Ulaya ambayo fyuzi yake haiuzwi Bungoma mjini ni pambo. Afadhali kitu cha kawaida ambacho mwenye duka anakijua.

Tano, pesa zitawekwa wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lisomwe mbele ya wazazi kila muhula, hata kama zilizomo ni shilingi mia tatu.

Sita, betri ikifa itapelekwa wapi? Ndani yake mna risasi na asidi. Isitupwe nyuma ya choo wala isivunjwe na watoto wakitafuta chuma cha kuuza. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliugua na wengine wakafa kwa sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa karibu na nyumba zao. Betri iliyokufa irudishwe kwa muuzaji, na mara nyingi atakupunguzia bei ya mpya.

WAPO WALIOKWENDA WENYEWE

Hadi sasa tumezungumza kana kwamba ujuzi lazima utoke ng'ambo ukitufuata. Kuna mahali walikoona njia nyingine.

Huko India, katika kijiji cha Tilonia jimboni Rajasthan, kuna chuo kinachoitwa Barefoot College, kilichoanzishwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi chuo hicho kiliwaalika wanawake wa mashambani kutoka nchi nyingi za Afrika, wengi wao akina nyanya na wengine wasiojua kusoma. Walikaa miezi sita wakifundishwa kuunda na kutengeneza taa za jua. Lugha ilipokosekana walitumia rangi na ishara za mikono.

Kutoka visiwa vya Zanzibar pia walikwenda wanawake. Walirudi vijijini mwao wakiwa mafundi, wakawekea jirani zao taa. Baadaye kituo cha mafunzo kama hayo kikafunguliwa Kinyasini, kaskazini mwa Unguja, ili wengine wajifunze bila kupanda ndege.

Kwa nini nyanya? Sababu ni ya kawaida kabisa. Nyanya hahami. Ana shamba lake, ana wajukuu wake, na taa ikizimika usiku unajua mlango wa kubisha. Sisi Bungoma tuna akina kukhu wangapi wenye akili nyepesi kama wembe, ambao hakuna mtu aliyewahi kuwapa bisibisi?

Nasi hapa nyumbani tuna mfano mwingine wa mgeni na mwenyeji kulima shamba moja. Mwaka 2006, Mmarekani Andrew Youn, aliyekuja Bungoma akiwa mwanafunzi wa biashara, alianzisha huko shirika la One Acre Fund, la kuwakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea. Baadaye taa za jua ziliongezwa katika vitu vinavyokopeshwa. Mkulima hulipa kidogo kidogo. Hata anayekosoa mtindo wa mikopo atakubali jambo moja: mtu aliyelipia taa kwa jasho lake huitunza.

NENO KWA KIJANA

Sasa wewe uliye chuoni, au unayengoja kwenda, nimekuweka kikao chote kwa ajili ya neno hili.

Wako vijana wa rika lako wanaosafiri maelfu ya maili kuja kuweka taa katika kijiji cha babu yako. Wanastahili heshima. Lakini wewe una vitu ambavyo wao hawana hata wakikaa majuma matatu ama kumi. Unajua lugha. Unajua ni nani kijijini anayeaminika na ni nani hukimbia na pesa za kamati. Nauli yako ni ya matatu. Na ukiondoka, utarudi Krismasi.

Likizo ijayo usingoje kibarua tu. Kama unasomea umeme, nenda katika shule uliyosomea, uombe kuonyeshwa kabati la betri. Pima, andika kilichoharibika, mwulize fundi wa sokoni bei ya vipuri. Kama husomei umeme, wafungulie daftari la hesabu na uwafunze kulitunza. Kama wageni wamekwisha kufika, ungana nao, uwe mkalimani wa maneno na wa mambo pia. Wakifanya jambo ambalo halitadumu, waambie kwa adabu. Hakuna mwingine atakayewaambia, kwa kuwa kila mtu anaona haya mbele ya zawadi.

Nanyi wazazi, mtoto akiomba nauli ya kwenda kufanya kazi hiyo bila malipo, msimwone mvivu. Mpeni, na mmpe pia soksi za ziada, maana udongo wa Trans Nzoia wakati wa mvua hauna huruma.

Zile paneli nne kando ya barabara ya Webuye, nilipoziacha, zilikuwa zikinywa jua bure. Zina miaka 15 au zaidi ya kazi iliyobaki ndani yake. Kinachokosekana ni betri mbili, daftari moja na mtu wa kupanda ngazi.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.